Naomba ushauri: C ya alama 46 inatosha kumpeleka binti mchepuo wa sayansi?

Ndugu zangu, heshima kwenu. Naishi Moshi na binti yangu yuko kidato cha nne, shule ya serikali. Kwenye moko (mtihani wa majaribio) ya Fizikia alipata 46, na kwa viwango vya Baraza la Mitihani, ambapo C inaanzia 45 na D inaanzia 30, hiyo ni C. Nilipopitia karatasi yake nilikuta maswali yote ya umeme ameyaacha wazi.

Mwaka 2013, matokeo ya kidato cha nne ya 2012 yalipofutwa na kupangwa upya, wapo waliosema kulegeza viwango ni kuua elimu, na wapo waliosema mtoto asiye na mwalimu wala maabara asiadhibiwe kwa upungufu usio wake. Hoja hii ya pili naiheshimu sana, ila C hiyo haitamfundisha umeme.

Walimu mlio humu, naomba mniongoze: akipata C za namna hii, nimruhusu achague PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) kidato cha tano, au mchepuo huo utamwelemea? Na kabla ya Novemba, tuanzie mada zipi?