Mtaala ni mpya, ruzuku ni ileile ya mwaka 2002, na tofauti yake anailipa mwalimu

Ndugu wanajukwaa,

Ninafundisha darasa la tatu katika shule ya msingi ya serikali, na ninaandika nikiwa na hasira. Juzi mthibiti ubora alikagua somo langu la Sayansi, akaandika kwamba ufundishaji wangu haumshirikishi mwanafunzi kwa vitendo kwa kuwa zana hazitoshi. Darasa hilo lina watoto 132, ilhali kiwango kilichowekwa ni watoto 45 kwa mwalimu mmoja. Yeye mwenyewe alikosa pa kukaa, akakagua akiwa amesimama mlangoni, na hilo hakuliandika.

Mtaala ulioboreshwa, ambao ulianza kutumika Januari 2024, unataka mtoto ajifunze kwa kutenda: apime, apande, achunguze, kisha aeleze alichokiona. Sina ugomvi na wazo hilo. Hata kwenye mafunzo ya kata nilikuwa miongoni mwa walioliunga mkono. Ninachouliza ni nani anayenunua mizani, gundi, mbegu na karatasi za manila. Ruzuku ya uendeshaji kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka, kiwango tulichokirithi kutoka MMEM, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ulioanza mwaka 2002, wakati fedha hiyo ilikaribia dola 10 za Marekani. Leo haifiki hata dola 5, na sehemu yake hukatwa kwa ajili ya vitabu kabla haijafika kwenye akaunti ya shule. Kinachobaki kinagombaniwa na chaki, ukarabati, michezo na mitihani. Mzazi naye hawezi kulazimishwa kuchangia tangu elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, jambo ambalo naliunga mkono kabisa.

Tuligawiwa vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022. Changu ni kizima, nashukuru, lakini bando ninanunua mwenyewe, na shuleni hakuna umeme, kwa hiyo nakichaji nyumbani usiku.

Kabla hamjaniambia kwamba mwalimu mbunifu hutumia vizibo vya soda na maboksi, navitumia. Vizibo havipimi uzito.

Mwezi huu nimetoa mfukoni shilingi 38,000 kwa ajili ya zana pekee. Walimu wenzangu mliomo humu, ninyi mmetoa kiasi gani, na ni nani aliyewahi kurudishiwa?