Tumehesabu wasio na kazi kwenye kata, wanawake wametoka wachache kuliko wanaume. Tumekosea wapi?

BintiMufindi

Kamwene wakuu.

Kikundi chetu cha maendeleo ya kata, pembeni kidogo ya Mafinga, kimetenga fedha za kulipia ada ya ufundi kwa vijana 20. Kabla ya kuchagua fani tuliona tujue kwanza nani hasa hana kazi na ametokea kwenye shughuli gani. Mwezi wa pili tukapita kaya 120, kila kaya tukaongea na mkuu wa kaya, na swali lilikuwa moja: "Nani hapa hana kazi?"

Wanaume wasio na kazi wametoka wengi kuliko wanawake. Lakini asubuhi yoyote ukipita kwenye viwanda vya vinia (karatasi nyembamba za mbao) unakuta kina dada wamejaa getini wanasubiri kuitwa. Baadhi ya wajumbe sasa wanataka ada yote iende kwa wavulana. Naomba ushauri: tumekosea wapi, turudie vipi, na fedha tugawanyeje? Kikao ni wiki tatu zijazo.

KaraniWaKaya

Dada, kosa la kwanza ni huyo mliyemuuliza. Mkuu wa kaya akiulizwa habari za kijana wake wa kiume anayeshinda kijiweni, atasema hana kazi. Akiulizwa habari za binti au mke, atasema "yupo nyumbani" au "analima". Karani akiandika "mama wa nyumbani", mtu huyo ametoka kabisa kwenye hesabu. Hayumo kwa wenye kazi wala kwa wasio na kazi. Kila mtu wa miaka 15 na kuendelea aulizwe mwenyewe, na ikiwezekana mwanamke aulizwe na mwanamke, bila mume kusimama pembeni.

Kosa la pili ni swali lenyewe. Usimwulize mtu kama ana kazi, maana kila mmoja ana tafsiri yake. Mwulize alichofanya. Anza hivi: "Katika siku 7 zilizopita, umefanya shughuli yoyote ya kukuingizia fedha, faida au ujira wa vitu, hata kwa saa 1?" Akijibu hapana, uliza kama ana kazi au biashara aliyoiacha kwa muda tu, mfano kauguliwa. Akitaja shamba, uliza kama mavuno ni ya kuuza au ya kula. Tangu mwaka 2013 kipimo cha kimataifa hakimhesabu anayelima kwa ajili ya chakula cha nyumbani tu kuwa ameajiriwa. Mnaweza kuufuata utaratibu huo au kuuacha, ila uamuzi uandikwe na utumike kwa kaya zote, kwa sababu hapo ndipo wanawake wa vijijini wanapohama safu kwa wingi.

Ambaye hana shughuli, endelea naye: "Katika wiki 4 zilizopita umefanya nini ili upate kazi au uanze biashara?" Msomee mifano: kusimama getini, kumwuliza mnyapara, kumtuma ndugu, kutafuta mtaji, kutafuta fremu. Usipomsomea, wengi hudhani kutafuta kazi ni kuandika barua tu. Kisha: "Ungepata kazi leo, ungeweza kuanza ndani ya wiki 2?" Na kwa ambaye hakutafuta, swali ambalo makarani wengi huliruka: "Kwa nini hukutafuta?"

HesabuKwanza

Naongezea kwenye hilo la "hakutafuta", maana matokeo yenu yamegeukia hapo.

Kiwango cha ukosefu wa ajira hakigawanywi kwa watu wote. Kinagawanywa kwa nguvukazi, yaani wenye kazi ukijumlisha na wasio na kazi. Tafsiri finyu ya kimataifa inamhesabu kuwa hana ajira mtu asiye na kazi, aliye tayari kufanya kazi, NA anayeitafuta. Tafsiri ya kitaifa ya Tanzania ni pana zaidi. Inamwingiza pia aliye tayari lakini hatafuti.

Tuchukulie mfano wa kujifunzia tu. Wanawake 100: 60 wana kazi, 6 wanatafuta, 14 wako tayari ila wameacha kutafuta, 20 ni wanafunzi, wagonjwa na wengine. Kwa tafsiri finyu ni 6 kugawanya kwa 66, yaani 9.1%. Kwa tafsiri pana ni 20 kugawanya kwa 80, yaani 25%. Wanaume 100: 72 wana kazi, 10 wanatafuta, 3 wako tayari ila hawatafuti, 15 wako nje. Finyu ni 10 kwa 82, yaani 12.2%. Pana ni 13 kwa 85, yaani 15.3%.

Umeona? Watu ni walewale, ila kwa kipimo kimoja wanaume ndio wenye shida na kwa kingine ni wanawake. Andikeni viwango vyote viwili mkivipeleka kikaoni. Walio kama wale 14 wapewe safu yao peke yake pamoja na sababu zao: mtoto mchanga, kumwuguza mzazi, nauli, au mume kukataa. Ada ya chuo peke yake haitatui hata moja kati ya hizo.

MbaoNaChai

Mwezi wa pili ndio tatizo la tatu. Huku kwetu kazi inakwenda na mvua, na kila sekta inaachisha watu kwa wakati wake.

Chai ya Mufindi na Rungwe inachipua kwa nguvu wakati wa mvua. Februari wachumaji wako shambani, wanawake kwa wanaume, kwa hiyo mmewakuta "wana kazi". Njooni tena Julai au Agosti kwenye ukavu na baridi, majani yamesimama na vibarua wamepunguzwa. Juu ya msimu kuna mashine. Ile ya kushikwa mkononi inabebwa na watu wawili, mmoja kila upande wa tuta la chai, na mwingine nyuma akishika mfuko unaopokea majani. Wachache hao wanamaliza eneo lililokuwa la wachumaji wengi wa mkono. Uzito wake na kelele vimefanya wanyapara wawape wanaume, na mwanamke aliyekuwa analipwa kwa kilo anabaki na palizi. Huyo akikosa kazi Agosti, tofautisha sababu: aliyepumzishwa kwa msimu atarudi mvua zikirudi, aliyeondolewa na mashine harudi. Kumpeleka wa kwanza chuo miezi yote ni kumkosesha msimu wake. Wa pili ndiye wa kupewa nafasi.

Vinia ni kinyume chake. Zile karatasi za mbao zikitoka kwenye mashine ya kumenya magogo huanikwa uwanjani, na kuanika na kugeuza ni kazi ambayo wanawake wengi wanafanya kwa malipo ya kipande. Ukungu ukikaa au mvua ikinyesha, hazikauki, zinaota kuvu, na mwanikaji anarudishwa nyumbani bila malipo. Hao ndio uliowaona getini. Wiki hiyohiyo wamefanya labda siku mbili, kwa hiyo kwa swali la "hata saa 1" wana kazi! Ndiyo maana lazima mwulize saa ngapi kwa wiki, na kama angetaka zaidi. Hiyo ni ajira isiyotosheleza, na msipoiandika, nusu ya shida ya kina dada wa Mafinga inapotea.

Kwenye mbao za kawaida, mashine za dingdong za kupasulia magogo, kupakia malori na kukata magogo ni za wanaume. Mvua ikiharibu barabara za msituni Sao Hill, wapakiaji wanakaa. Kuna pia kusubiri vibali vya kuvuna. Wanaume wenu wa Februari wasio na kazi wengi wanaweza kuwa hawa, na ukavu ukifika wanaitwa tena.

TukuyuStendi

Na bodaboda msiwasahau. Aliyebeba abiria mmoja kutwa na aliyebeba kumi wote wanaandikwa "ana kazi". Uliza kilichobaki baada ya mafuta na hesabu ya tajiri, yaani mwenye pikipiki.

HesabuKwanza

Swali la "ametokea sekta gani" lina mtego wake. Takwimu za sekta hutumia kazi ya mwisho ya mtu. Aliyemaliza kidato cha nne na hajawahi kuajiriwa hana kazi ya mwisho, kwa hiyo haonekani kwenye sekta yoyote. Mtengenezeeni safu ya "hajawahi kufanya kazi" na mtenganishe wavulana na wasichana.

Jambo la kuwaeleza wajumbe: mtikisiko hupiga sekta, na jinsia iliyojaa kwenye sekta hiyo ndiyo huumia. Marekani, Februari 2010, baada ya soko la nyumba kuanguka, ukosefu wa ajira kwa watu wa ujenzi ulifika 27.1%, na ujenzi umejaa wanaume. Aprili 2020, corona ilipofunga hoteli na migahawa, kwenye burudani na ukarimu ulifika 39.3%, na mwezi huo wanawake watu wazima walikuwa 15.5% dhidi ya 13.0% ya wanaume. Nchi ni ileile, tofauti ni miaka kumi tu. Kwa hiyo "wanaume ndio wasio na kazi" au "wanawake ndio wasio na kazi" si sifa ya kudumu ya kupangia fedha. Pangeni kwa sekta na sababu.

BintiMufindi

Ndaga fijo, nimeelewa mengi. Hapo kwenye kugawa ada sasa? Wengi wa wasichana wanataja ushonaji na saluni.

FaniMkononi

Wanataja wanachokiona. Kabla ya kulipa hata shilingi, tembeleeni mafundi wa kila fani mjini Mafinga, muwaulize mambo mawili: mara ya mwisho uliajiri lini, na ulikosa mtu wa ujuzi gani? Mkisomesha mabinti 10 ushonaji kwenye kata moja, mwaka mmoja baadaye mtakuwa na vyerehani 10 vinavyogombea sare za shule zilezile. Gawanyeni: umeme wa majumbani, uchomeleaji, kunoa misumeno na kutunza mashine za mbao, na ushonaji wawili au watatu.

Msichana kwenye uchomeleaji hashindwi na kazi. Anakwama anapokosa karakana ya kumpokea kwa mafunzo kwa vitendo. Mpateni fundi aliyekubali kwa maandishi kabla ya kulipa ada. Kwenye bajeti ya kila mtu wekeni vifaa vya kuanzia, nauli, na kwa mwenye mtoto, malipo ya mlezi. Ni bora kusomesha 14 wakamaliza kuliko 20 wakabaki 9. Aliyejifunza gereji au kwenye mbao miaka mingi bila cheti hahitaji kuanza upya: VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, wanarasimisha ujuzi wa namna hiyo kwa kumpima.

HakiKazini

Kwa wale mtakaokuta wameachishwa kazi ya mkataba karibuni: mgogoro wa kuachishwa unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Baada ya mwezi wa kwanza kazini, anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi ya siku 28. Ujauzito si sababu halali ya kumwachisha mtu. Aliyemaliza mwaka na kuachishwa na mwajiri, bila kosa lake, ana kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka aliotimiza, hadi miaka 10. Wekeni swali la tarehe ya kuachishwa kwenye dodoso, ili mwenye siku 20 aambiwe leoleo badala ya kusubiri ripoti.

KaraniWaKaya

Wiki tatu zinatosha kama hamtarudia kaya zote. Chukueni 60 kati ya zile 120 kwa kuruka moja moja kwenye orodha yenu, makarani wanne, kaya tano kwa siku kila mmoja. Hizo ni siku 3. Wekeni siku 2 za kurudi kwa wasiokutwa, na mrudi jioni, maana ukipita mchana unawakuta wasio na kazi tu. Anayekataa kujibu andikeni amekataa, msimjazie. Orodha hiyohiyo ya kaya itunzeni, mrudi kwao Agosti na maswali yaleyale, neno kwa neno.