Bushi za ekseli ya nyuma, Toyota Vitz: inawezekana nyumbani bila presi (mashine ya kusukumia bushi)?

Swali: Wakuu, Vitz inagonga nyuma kwenye matuta na mkia unayumba kwenye kona. Mpira wa bushi (kiungo cha mpira ndani ya ganda la chuma, kinachoshika ekseli kwenye bodi) umeachana na chuma chake. Nina jeki, stendi mbili na spana.

Jibu la 1: Inawezekana mkuu. Piga kabari magurudumu ya mbele, stendi zikae chini ya bodi. Kwanza achia klipu za paipu za breki na nyaya za hendbreki. Ekseli ikishuka zikiwa zimeshikwa, paipu inakatika. Kisha fungua shokapu chini, toa springi, malizia bolti mbili za bushi. Weka alama kwa tindo kabla ya kutoa bushi: mpira una matundu, na bushi mpya lazima ielekee vilevile.

Jibu la 2: Badala ya presi tumia bolti ndefu yenye nati, washa (vyuma bapa vya duara vyenye tundu) nene na kipande cha bomba kipana kidogo kuliko ganda la bushi; ukikaza nati, bushi inavutwa kuingia kwenye bomba. Ikigoma, toboa mpira, kata ganda kwa msumeno taratibu usije ukakwaruza ekseli. Usichome moto, moshi wake ni sumu. Kuingiza mpya, safisha kutu, paka maji ya sabuni. Grisi ya kawaida hula mpira.

Jibu la 3: Tafadhali usikaze bolti za bushi ekseli ikiwa inaning'inia! Mpira utabaki umesokotwa muda wote gari likiwa chini, utapasuka mapema. Inua ekseli kwa jeki hadi kimo cha kawaida, ndipo ukaze.