Tupeane uzoefu: koti la mvua zuri la bei ya chini kwa sisi wa Mtwara na Lindi

mwalimu_wa_magomeni

Wadau wa kusini, habari za jioni. Mvua za msimu zimeshapiga hodi na mimi sina koti. Naishi Magomeni, Mtwara mjini, nafundisha Mikindani, kilomita kama 10 kwa bodaboda kila asubuhi. Mwaka jana nilinunua koti jipya dukani kwa 35,000. Rangi ya maziwa, kiuno kimebanwa, vifungo vya dhahabu. Nililipenda mno. Mvua kubwa ya kwanza ikanikuta njiani. Nilifika shuleni mabega yameloa, mgongo umeloa, na madaftari 40 ya darasa la tano niliyoyakumbatia ndani ya koti yamevimba. Watoto wale walikuwa wameandika insha zao kwa moyo, na wino wote umetapakaa. Iliniuma kuliko ile hela.

Kilichonishangaza ni kwamba hata kwapani na tumboni, ambako mvua haikufika, nilikuwa chapachapa. Lilikuwa jasho.

Safari hii nina 20,000 tu. Nataka koti linalozuia maji kweli, lisinichemshe, na bado niingie darasani nikiwa nadhifu. Mliopita njia hii, mlinunua nini, na likafanyaje?

muuza_mitumba_sokoni

Pole sana mwalimu. Mimi nauza majaketi ya mtumba, huu mwaka wa 9. Kwa 20,000 usihangaike na duka, njoo kwenye mtumba, ila njoo na macho.

Koti lako lilivuja kwenye mishono. Kitambaa chenyewe kinaweza kuwa kizima kabisa, lakini kila sindano ilipopita pana tundu. Koti la mvua la kweli ukiligeuza ndani nje utaona utepe mwembamba umebandikwa juu ya kila mshono: mabegani, kwapani, kwenye kofia. Kama hauuoni, hilo ni koti la upepo na manyunyu, hata liwe na jina kubwa kifuani. Mengine yana bitana inayoficha mishono, kwa hiyo papasa kwa vidole. Utepe unasikika, mshono unakuwa mgumu kidogo.

Soma na lebo. Likiandikwa "waterproof" linazuia maji, likiandikwa "water resistant" linahimili kwa muda tu. Ukiona namba kama 5,000 au 10,000 mm, hicho ni kipimo cha kina cha maji ambayo kitambaa kinaweza kubeba kabla hayajapenya. Kwa mvua zetu za Januari mimi siwaambii wateja wangu washuke chini ya 5,000.

Sasa niseme yaliyonikuta. Niliwahi kumuuzia mama mmoja wa Chuno koti la buluu, nje halina hata mkwaruzo. Baada ya wiki mbili akalirudisha. Ndani limebanduka, vipande vyeupe vimemganda kwenye gauni. Ule utando wa ndani unaozuia maji unaoza kwa joto na unyevu, na nguo imeshakaa ndani ya robota muda mrefu kabla haijafika hapa pwani. Nilimrudishia hela yake. Tangu siku ile kila koti nalikunjua, nalisugua ndani kwa kiganja. Likinata, au likitoa unga, nalitenga. Na wewe fanya hivyohivyo, muuzaji asikukimbize.

boda_wa_mingoyo

Mwalimu, pole. Mimi niko Lindi, napiga Mingoyo hadi mjini na wakati mwingine hadi Mtama. Nikuambie kitu ambacho mtu anayetembea kwa miguu hakioni: kwenye pikipiki mvua haikudondokei, inakuja kukupiga kifuani. Inaingia kwenye zipu. Koti langu la kwanza lilikuwa na utepe kila mahali kama alivyosema huyo dada, lakini zipu yake ilikuwa wazi mbele. Nikawa nafika nina mstari wa maji kuanzia kooni hadi kwenye mkanda.

Kwa hiyo tafuta lenye kitambaa kinachofunika zipu kwa juu, na kiwe kinashikika kwa vifungo au kwa kile kitambaa cha kunata. Mikono iwe mirefu ipite kifundo, na iweze kubanwa. Mgongoni liwe refu kuliko mbele, maana ukikaa kwenye pikipiki linapanda na maji yote ya kiti unayakalia wewe.

Na rangi. Najua akina dada mnapenda nyeusi, inapendeza na inaficha uchafu. Tafadhali msivae nyeusi barabarani. Jioni ya mvua mwenye lori hakuoni. Mimi nina koti la njano iliyokolea, na tangu nilivae naona magari yananipisha mapema.

konda_dar_kusini

Naunga mkono suala la urefu. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara maeneo ya Somanga kule Kilwa, tulikwama na abiria. Mimi nilikuwa na koti fupi la kupendeza la kuishia kiunoni. Kushuka na kupanda, kushusha mizigo, kubeba watoto wa watu. Juu nilikuwa mkavu, kuanzia kiunoni kwenda chini kama nimetoka kuoga. Niliporudi nikatafuta la kufika katikati ya paja. Silibadilishi.

fundi_wa_ligula

Mwanangu mwalimu, hujambo? Mimi ni fundi cherehani, na nataka kukuokoa na jambo moja kabla hujaja kwa mtu kama mimi.

Makoti ya mtumba mengi yalishonewa watu wenye maumbo makubwa. Mabinti wananiletea, wananiambia mama, punguza ubavuni likae mwilini. Zamani nilikuwa napunguza. Binti mmoja nilimpunguzia likakaa vizuri sana, hata mimi nilijisifu. Mvua iliponyesha likavuja pande zote mbili. Nilikuwa nimekata utepe na kutoboa matundu mapya kwa mkono wangu. Nilisikitika, maana alikuwa ameniamini.

Siku hizi siligusi ubavu wala bega. Mengi yana njia ya kamba kiunoni kwa ndani. Kama kamba imetoka natia nyingine, ukiivuta unapata kiuno bila tundu hata moja. Mikono nafupisha kwa kukunja ncha tu, pale maji hayana pa kuingilia. Zipu mbovu nabadilisha nikifuata matundu yaleyale ya zamani. Vifungo ndivyo vinavyobadilisha sura ya koti kuliko watu wanavyodhani. Toa vile vya plastiki vilivyochakaa, weka vinavyofanana rangi, na koti linakuwa jingine.

Usikubali mtu akutilie bitana ya kitenge. Najua inavutia, nimeombwa mara nyingi. Pamba inakunywa jasho na haikauki, utavaa kitambaa kibichi mchana kutwa. Bitana ya wavu mwembamba ndiyo inayofaa kwa joto letu.

mwalimu_wa_magomeni

Shikamoo mama fundi. Nilikuwa nimeshaweka kitenge pembeni kwa kazi hiyohiyo! Ahsante sana.

Swali langu linabaki la jasho. Kuna lisilochemsha kweli kwa hela yangu?

muuza_mitumba_sokoni

Yapo, ila siyo kwa uchawi wa kitambaa. Yale yenye utando unaotoa jasho kama Gore-Tex huja mara mojamoja, na yakija yanagombaniwa. Hata hayo, hapa kwetu hewa yenyewe imejaa unyevu, jasho linatoka taratibu. Tafuta zipu chini ya kwapa. Watu wengi hawazioni kwa sababu zimefichwa. Unazifungua, upepo wa kaskazi unapita, mvua haiingii. Ukikosa hizo, chukua lenye mgongo wenye tundu lililofunikwa na kipande cha kitambaa. Na lisikubane.

mvuvi_msangamkuu

Mimi natofautiana nanyi kidogo. Baharini nimevaa makoti mengi, mwisho nimerudi kwenye lile zito la mpira, suruali na koti. Halipumui, ni kweli, na jua likitoka unalivua. Lakini maji ya chumvi yanakupiga usiku kucha na halipitishi tone. Tena likitoboka unalibandika kama tyubu ya baiskeli. Mwalimu halimfai darasani, hilo nakubali, ila mwenye kazi ya majini asidanganyike na mepesi.

mstaafu_newala

Kwetu huku juu Newala mambo ni mengine. Ukungu na baridi ya asubuhi ndivyo vinavyotusumbua, si joto. Sisi tunachukua saizi moja juu ili sweta lipite chini yake. Wanaopanda huku kikazi kutoka Mtwara wakumbuke hilo.

mwalimu_wa_magomeni

Wadau, narudi na taarifa. Jumamosi nilikwenda sokoni saa 1 asubuhi. Nimegeuza makoti ndani nje mpaka wauzaji wakaanza kunisaidia. Mawili mazuri mno yalinata kiganjani, nikayaacha roho ikiniuma. Nimepata la kijani kibichi, linafika katikati ya paja, utepe upo wote, zipu imefunikwa, na chini ya kwapa kuna zile zipu! 14,000. Fundi wa mtaani amenitilia kamba ya kiuno na vifungo vipya 6 kwa 4,000.

Nyumbani nililimwagia kikombe cha maji begani. Nje yalinyweka badala ya kuteleza, nikaogopa. Ndani pakavu. Hiyo ina maana gani?

muuza_mitumba_sokoni

Usiogope. Nje kuna dawa inayofanya matone yateleze, hiyo huisha kwa kufuliwa. Utando wa ndani ndio unaozuia, na wako mzima. Fua kwa sabuni kidogo, suuza sana, usitie maji ya kulainishia nguo wala jiki. Likikauka kivulini, kama lebo inaruhusu pasi, piga ya moto mdogo kabisa juu ya kitambaa kingine. Mara nyingi ile dawa inaamka. Na usilikunje likiwa bichi, litaota ukungu.

mwalimu_wa_magomeni

Nimefanya hivyo, matone yanaserereka tena mabegani. Jana imenyesha kuanzia Magomeni hadi Mikindani bila kupumzika. Nilifungua zipu za kwapani, madaftari nikayafunga kwenye mfuko na kuyaweka kifuani. Yamefika yote makavu. Watoto wawili wameniuliza koti nimelinunua wapi, mama zao wanataka.

Sasa namtafutia mdogo wangu aliyeko Nanyamba, ana miaka 11 na shule iko mbali. Ya watoto yanakuja siku gani?

muuza_mitumba_sokoni

Robota la watoto nafungua Jumatano. Mpime kuanzia shingoni hadi gotini, na urefu wa mkono, uniletee kwa uzi.