SSD ya nje (diski ya kuhifadhia mafaili) imeandikwa 1,050 ila inakopi kwa 40, shida nini?

Wakuu, nimenunua SSD ya TB 1, boksi linasema MB 1,050 kwa sekunde, jana nahamisha video za harusi GB 200 inasoma 40 tu, nimesubiri karibu saa moja na nusu. Nimepigwa?

— Mkuu hujapigwa, hiyo 40 ni spidi ya USB 2.0, ile USB ya zamani ya taratibu. Umetumia waya wa chaja ya simu eeh? Weka uliokuja nayo.

— Na tundu la USB kwenye kompyuta pia, la Gbps 5 (gigabiti 5 kwa sekunde) litakupa MB 400 na kitu, 1,050 inataka la Gbps 10. Halafu ukihamishia mafaili mengi mfululizo, ile sehemu ya haraka ndani ya SSD inayopokea data kwanza ikijaa spidi inashuka, usishtuke.

— Nimebadili waya, inasoma 430! Asanteni sana wakuu.