Mjadala: riwaya za mapenzi ya makabaila zitolewe kwenye chumba chetu cha kusomea?

Msomaji wa Katuba
Jambo kwa wote. Chumba chetu cha kusomea hapa Katuba, Lubumbashi, kimepokea katoni nne za vitabu vya Kifaransa, na zaidi ya nusu ni riwaya za mapenzi za enzi za zamani. Inayogombewa na vijana ni moja: Uingereza, 1813, vita vya Napoleon. Binti wa kabaila analazimishwa kuolewa na jirani mzee mwenye mashamba. Anatoroka usiku, anapanda meli akiwa amevaa kiume, meli inatekwa, na nahodha anayemwokoa kumbe ni mtoto wa pili wa duke (kabaila wa cheo cha juu kabisa), hana urithi. Wanafunga ndoa Gretna Green, Uskoti. Jumamosi iliyopita wazazi watatu walitaka katoni zote ziondolewe, eti zinaharibu mabinti. Tunakaa tena Jumamosi hii. Mimi nasema zibaki. Kuna watoto pale walikuwa hawashiki kitabu, leo wanaandikishana zamu. Nyinyi mnasemaje?

Papa wa Kamalondo
Zitolewe. Binti yangu wa miaka 19 amesoma hiyo hiyo, sasa anakula bukari (ugali) mezani kwangu huku akiniambia mahari ni kuuza mtu, na kwamba Wazungu walioana kwa mapenzi tu. Nililipa minervali (karo ya shule) miaka yote ile nije kusikia hayo? Na tuseme ukweli: mabinti wasomaji ndio wanaobaki nyumbani.

Dada wa Kenya
Papa, kwa heshima zote. Nina miaka 34, ninaishi kwa mama hapa Kenya, commune ya Lubumbashi, si ile nchi, na umeme wa nyumba hiyo ninaulipa mimi. Hilo la "kubaki nyumbani" lifute.

Halafu binti yako hakukisoma kitabu vizuri, wala wewe hukukifungua. Kule baba wa binti ndiye aliyetoa mali! Binti asiye na fungu la fedha kutoka kwao hakupata mchumba wa hadhi yake. Kabla ya padri kuitwa, wanasheria wa pande mbili walikaa mezani: binti analeta kiasi gani, atapewa kiasi gani ya matumizi yake, akifiwa na mume atabaki na nini. Hayo ni mazungumzo ya wakwe, sawa na yetu, ila mali inatembea kinyume. Na ikishafika kwa mume ni yake, isipokuwa iliyofungiwa kwenye mkataba. Mpaka sheria ya 1882 ndipo mwanamke wa Uingereza aliyeolewa akaruhusiwa kushika mali yake mwenyewe.

Papa wa Kamalondo
Sijafuta. Na sikuuliza habari za wanasheria wa Uingereza.

Fundi wa Ruashi
Kwa kuwa mahari imetajwa, niseme langu. Nilipewa orodha kurasa mbili. Suti ya baba mkwe na viatu, vikwembe (vitenge) vya mama na vya shangazi, mbuzi sita, mifuko ya chumvi, bidoni za mafuta, blanketi, taa, halafu dola ambazo sitazitaja hapa. Nilipeleka mbuzi wanne na suti. Wakaniambia nirudi ikikamilika. Niliporudi na mbuzi wa tano, mchumba wangu alikuwa ameshachumbiwa na mtu wa mgodini. Basi nikisoma habari ya nahodha asiye na urithi, simsomi Mzungu. Ninajisoma mimi. Mzee anayesema kitabu hicho ni uchafu hajawahi kusimama uani kwa watu huku mbuzi wake wakihesabiwa.

Mama Kalubwe
Pole sana mwanangu.

Mwanafunzi wa Sheria
Sheria yetu ya familia ya Kongo ya 1987 inataka mahari, ni kweli, ila inatosha iwe imetolewa walau sehemu ndoa ipate kufungwa. Mbuzi wanne na suti ni sehemu. Kisheria, kaka yangu, hukukosa kitu.

Na tusiwacheke Waingereza kwa hiyo 1882. Hapa kwetu mke alihitaji ruhusa ya mume kwa shughuli za kisheria mpaka sheria hiyo iliporekebishwa 2016.

Fundi wa Ruashi
Sheria haikuwepo uani siku ile.

Msomaji wa Katuba
Ndugu zangu, vitabu! Zibaki au zitoke?

Kampemba 2
Zitoke, lakini si kwa sababu ya mabinti. Mnasahau hariri zile na magari ya farasi yalilipwa na nini. Makabaila wangapi wa wakati ule walikula sukari ya Jamaika, iliyolimwa na watu wetu waliofungwa minyororo? Bunge la Uingereza lilipopitisha sheria ya kukomesha utumwa 1833, lilitenga pauni milioni 20 kuwafidia wenye watumwa. Watumwa wenyewe hawakupata hata moja. Nikifika pale duke anapocheza dansi chini ya mishumaa, ninafunga kitabu. Siwezi.

Dada wa Kenya
Hapo umenigusa, na sikupingi. Lakini baba wa riwaya za mapanga na mapenzi kwa Kifaransa ni nani? Alexandre Dumas. Baba yake alizaliwa Saint-Domingue, ambayo leo ni Haiti, 1762. Babu alikuwa marquis, yaani kabaila wa Kifaransa, na bibi alikuwa mtumwa mweusi, Marie-Cessette. Mtoto yule akawa jenerali wa jeshi la Ufaransa, na mjukuu akawafundisha Wafaransa kuwapenda mashujaa wao. Wamemweka Panthéon, jengo la Paris wanamozikwa mashujaa wa Ufaransa, 2002. Ukiondoa katoni zote, unamtoa na yeye.

Kampemba 2
Hilo la bibi yake sikulijua. Bado ninataka mwenye kitabu aseme sukari ilitoka wapi.

Mjukuu wa Bunkeya
Mnabishania duke na marquis huku Bunkeya, mji wa mfalme M'siri, iko hapo juu. M'siri alitoka Busumbwa, magharibi ya Tanzania ya leo, akifuata njia ya shaba ambayo baba yake Kalasa alikuwa ameipita kwa biashara. Akajenga ufalme wa Garenganze. Misafara yake ilifika pwani zote mbili. Miongoni mwa wake zake alikuwepo Maria de Fonseca, chotara wa Kireno, ndoa iliyofunga biashara na watu wa Angola. Hebu fikirini uchumba huo, nani alikaa mezani, nani alihesabu meno ya tembo! Tarehe 20 Desemba 1891 Bodson, afisa wa msafara wa Stairs uliotumwa kwa ajili ya mfalme Leopold wa Ubelgiji, akampiga risasi M'siri, na yeye akapigwa hapo hapo. Mapenzi yapo na safari zipo. Kwa nini tungoje katoni?

Kampemba 2
Na M'siri je? Hakuuza watu apate bunduki? Nilivyomwambia duke ndivyo ninavyomwambia mfalme wako.

Mjukuu wa Bunkeya
Usimlinganishe mzee wetu na kabaila aliyekaa kitini London. Alikuwa amezungukwa na wenye bunduki.

Kampemba 2
Na waliouzwa walizungukwa na nani?

Mama Kalubwe
Bibi yangu alisema kwao hawakulitaja jina la Bunkeya usiku. Mtakapoandika, mwandike na hilo.

Mjukuu wa Bunkeya
Sawa, mama. Litaandikwa.

Papa wa Kamalondo
Nimekichukua kitabu chumbani kwa binti yangu. Niko ukurasa wa 60. Baba yule kabaila ni mtu mbaya, hakumuuliza binti hata mara moja. Mimi nilimuuliza wangu. Mara mbili nilimuuliza. Dada wa Kenya, lile neno nimelifuta.

Dada wa Kenya
Asante, papa. Soma mpaka kwenye meli.

Msomaji wa Katuba
Kwa hiyo Jumamosi niseme nini?

Mama Kalubwe
Fundi wa Ruashi, mwanangu, wale mbuzi walikurudishia?

Fundi wa Ruashi
Wawili tu, mama. Na suti anaivaa bado, nilimwona nayo kanisani.