Zamani mtu akitangazwa kuwa nje ya sheria ilikuwa na maana gani hasa? Na siku hizi bado ipo?

Mgeni wa Kijiweni
Wakuu habari za muda huu. Kwenye muvi za makauboi na za Ulaya ya kale unakuta jamaa katangazwa haramu kabisa, kichwa chake kina bei, yeyote akimkuta anamlamba risasi na hakuna kesi. Lakini wezi wengine mle mle wanapelekwa mahakamani kama kawaida. Tofauti yao ni nini? Na leo serikali inaweza kuamka asubuhi ikasema fulani hatumtambui tena, mwueni mkimuona? Wajuzi karibuni.

Kalamu Nyeusi
Mkuu, mwizi wa kawaida sheria inamkamata, inamhukumu, hata kumnyonga inamnyonga, ila muda wote huo bado inamshughulikia. Huyu mwingine imejitoa kwake. Uingereza ya zama za kati ukituhumiwa unaitwa kwenye baraza la wilaya, usipotokea unaitwa baraza linalofuata, hivyo hivyo mpaka la tano, hujaonekana ndio unatangazwa. Hapo sio lazima iwe imethibitishwa umeua, kinachokumaliza ni kutofika. Mali zako zinachukuliwa na mfalme, ardhi anaikalia mwaka mmoja na siku moja halafu inaenda kwa bwana wa eneo, na mtu akikudhulumu huna pa kushitaki. Walikuwa wanasema umebeba kichwa cha mbwa mwitu, yani anayekukuta akuue tu, ingawa karne ya 14 wakabana kidogo kazi hiyo ikaachiwa ofisa wa mfalme. Na msidhani iliisha mapema, kwa kesi za jinai Uingereza walikuja kuifuta kabisa 1938, juzi tu hapo.

Ila kwangu mimi kiboko ni Iceland. Kabla hawajawa chini ya mfalme wa Norway karne ya 13 walikuwa hawana mfalme, hawana polisi, hawana jela, sasa muuaji utamfanya nini? Baraza linakata kwamba huyu asilishwe, asilazwe, asivushwe kwa mashua, basi, na aliyeshinda kesi ndiye akamsake mwenyewe. Kulikuwa na hukumu ya daraja dogo pia, unaondoka nchini miaka 3 unarudi mtu safi. Erik the Red alipigwa hiyo mwishoni mwa karne ya 10, na ndani ya miaka hiyo ndio akazunguka Greenland akarudi kuwashawishi watu wahamie huko. Grettir, mtu wa hadithi za kale za huko, yeye alipigwa hukumu ya daraja kubwa, anasimuliwa kukaa mafichoni miaka kama 19 mpaka wakamfuata kisiwani Drangey wakammaliza. Sasa jiulize miaka yote hiyo alikula nini na kila mtu kakatazwa kumlisha? Alikuwa anapora ndio, lakini watu walikuwa wanampa pia, wengine kwa huruma, wengine kwa woga. Hukumu nzima ilikuwa inawategemea majirani.

Mtu wa Nyeri
Hiyo ya majirani mkoloni aliijua vizuri sana. Hapa Kenya hali ya hatari ilitangazwa 20 Oktoba 1952, na 1953 misitu ya Aberdare na Mlima Kenya ikawekwa maeneo marufuku, Mwafrika akionekana mle anapigwa risasi bila kuulizwa jina. Halafu kuanzia 1954 wakahamisha watu wetu zaidi ya milioni moja kwa nguvu, wakawafungia kwa vijiji vyenye mitaro na miiba, ili kina mama wasipeleke chakula msituni kwa wapiganaji wa Mau Mau. Yaani kutangaza peke yake hakukutosha, ilibidi uwafunge wale wa kumlisha.

Na Dedan Kimathi, kiongozi wao, aliposhikwa 21 Oktoba 1956 alishtakiwa kwa kupatikana na bastola na risasi, wakamnyonga Kamiti 18 Februari 1957. Sasa kinachoniuma ni hiki, uhuru ukaja 1963 lakini ile marufuku ya Mau Mau ya 1950 ikabaki kwa vitabu hadi 2003! Serikali ni yetu, bendera ni yetu, na wazee waliopigana bado ni watu wa kikundi haramu. 2007 ndio akajengewa sanamu hapo Nairobi, kwa barabara iliyokuwa na jina lake kitambo.

Chuma cha Pua
Sawa Kimathi ni Kimathi, lakini msiwapake mafuta wote. Ned Kelly, jambazi wa Australia, 1878 genge lake liliua polisi watatu Stringybark Creek, bunge la koloni la Victoria likatunga sheria maalumu, ukishatangazwa mtu yeyote akuue, anayekuficha jela mpaka miaka 15. Zawadi ilifika pauni 8,000. Leo anaimbwa shujaa. Wale polisi nao walikuwa watoto wa watu.

Dada Wakili
Mleta mada, kwa leo kwenye karatasi haiwezekani. Katiba ya Tanzania ibara ya 13(6) inasema mtuhumiwa asitendewe kama mwenye kosa mpaka ithibitike, ya Kenya ibara ya 50 hivyo hivyo. Lakini nenda stendi upige kelele za MWIZI! uone. Dakika kumi hizo yule kijana hana katiba, tairi linatafutwa, na kesho yake gazeti linaandika wananchi wenye hasira kali, hakuna aliyekamatwa.

Nyingine ni ya watu wa suti. Kuna orodha ya wanaohusishwa na ugaidi iliyotokana na Azimio namba 1267 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa la mwaka 1999, ukiingizwa humo kila nchi inatakiwa izuie pesa zako na isikupitishe mpakani, bila hukumu ya mahakama. Asilishwe asivushwe ya Iceland hiyo hiyo, sema siku hizi inapitia benki na uhamiaji. Ofisi ya kusikiliza wanaoomba kutolewa iliundwa 2009, miaka kumi baadaye.

Mgeni wa Kijiweni
Daah nimeshiba. Swali la nyongeza @Kalamu Nyeusi, wanawake nao walikuwa wanatangazwa?

Kalamu Nyeusi
Uingereza kisheria hapana, walisema mwanamke hakuapishwa kuwa ndani ya sheria kama mwanaume kwa hiyo huwezi kumtoa nje, basi yeye alitangazwa kuwa "ametelekezwa". Mali inachukuliwa vile vile.